Alama za Mkaa Nilizochora kwa Mkono Mzima

Jamani, kosa ni langu mwenyewe, wala simsingizii shetani. Nilimdanganya daktari wangu wiki sita mfululizo, nikamdanganya na mume wangu, tena kwa kutumia ukuta wa nyumba yetu. Jina msiniulize. Jueni tu kwamba nalima mpunga huku Mchombe, na kwamba mpiga ngoma wa kwaya ya kigango chetu ni mimi.

Hiyo ngoma ndiyo roho yangu! Nimeipiga miaka tisa. Basi mwaka jana, baada ya palizi, bega la kulia likagoma. Kufunga kilemba siwezi, kujikuna mgongo siwezi, kupiga ngoma ndiyo kabisa. Na ilibaki miezi miwili tu kufika Misa ya mavuno, ile tunayoingia kanisani tukicheza na vikapu vya mpunga mpya. Nisipopona, ngoma inashikwa na wifi yangu. Wifi nampenda, lakini anapiga ngoma kama anatwanga kisamvu.

Mume wangu akanipeleka Ifakara kwa daktari wa viungo, kijana mpole, aliyeniamkia shikamoo kabla hajanigusa. Akanilaza, akalishika bega, akalikanda na kulivuta taratibu kwa mikono yake. Ee Mungu wangu, utamu ule! Nilisinzia. Nilipoamka, mkono uliokuwa hauvuki kifua ukapanda mpaka usawa wa pua.

"Mama, hii ni nusu ya kazi," akasema. "Mimi nimezibua mfereji. Maji utayapitisha wewe nyumbani kila siku, la sivyo tope linarudi palepale."

Maji yenyewe ni mazoezi. Nisimame mbele ya ukuta, vidole vipande polepole mpaka nisikie bega linavuta, nihesabu hadi kumi, nishuke, nirudie. Asubuhi na jioni. Pale vidole vinapoishia nichore alama ya mkaa, na kila wiki nimwonyeshe picha kwenye simu.

Hapo kiburi kikaniingia. Mazoezi, mimi? Mtu nainama kwenye jaruba tangu alfajiri, nabeba kuni, nachota maji, halafu nikakwaruze ukuta? Nikajisemea mazoezi ni ya wacheza mpira na watu wa ofisini. Dawa yangu ni ile mikono ya daktari. Siku ya kukandwa nilikuwa wa kwanza kufika, nalala, nasinzia, na daktari kipimo chake ni picha zangu tu!

Na alama je? Nilizichora kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Kila siku nazipandisha kidogo. Wiki ya tano zilikuwa zimepita fremu ya mlango. Aibu yangu ni kwamba mume wangu alizionea fahari! Mgeni hajakaa vizuri, anavutwa ukutani.

"Mwone mama watoto anavyopanda!"

Nami natabasamu, mkono wa kulia nimeuficha ndani ya khanga.

Wiki ya sita daktari akaitazama picha, kisha akanitazama mimi. Akaniambia nipandishe mkono kwenye ukuta wake. Ukaishia puani, palepale pa siku ya kwanza. Kijana wa watu akanyong'onyea.

"Mama, nisamehe. Anayefanya mazoezi hivi angekuwa amepona. Labda mimi ndiye nimekosea tangu mwanzo. Nakuandikia barua uende Morogoro wakakuangalie zaidi."

Mume wangu hapohapo akadakia, "Tunaondoka kesho. Mpunga utasubiri."

Mpunga usubiri! Umeshakauka shambani, ndege wanaushambulia, naye yuko tayari kuuacha kwa ajili ya uongo wangu! Nikaangua kilio.

"Hujakosea, mwanangu," nikamwambia daktari. "Alama zote ni za mkono wa kushoto."

Mume wangu akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Kumbe! Ndiyo maana zilipanda hata siku ile ulishinda umelala unalia bega!"

Daktari naye alishindwa kujizuia. Barua akaichana. Akasema tunaanza upya, mikono yake na ukuta wangu, vyote viwili, na msimamizi ni mume. Wee! Mume akageuka kocha, filimbi tu ndiyo hakuwa nayo.

Lakini Misa ya mavuno ilinipita. Nilikaa benchi la nyuma nikimsikiliza wifi na kisamvu chake, wacheza ngoma wanakanyagana, machozi yananitoka. Wiki sita nilizichezea mwenyewe, na inaniuma mpaka leo.

Zile alama za uongo mume alikataa zipakwe chokaa. Za kweli zikaanza kupanda chini yake, polepole, wiki nyingine hazisogei hata kidogo. Juzi asubuhi mkono wangu wa kulia ukaigusa ile ya juu kabisa. Nikapiga vigelegele! Mume akaja mbio na mkaa.

"Chora," akasema, "ila kwanza nionyeshe huo ni mkono gani."

Ndugu zangu mnaopenda kukandwa kama mimi, msikieni aliyeumbuka. Ukitoka kukandwa, fanya mazoezi uliyopewa, wala usiseme jembe linatosha. Mume utamdanganya, daktari utamdanganya, ila bega halidanganyiki.

Jumapili hii ngoma ni yangu. Wifi amekuja kunirudishia, analalamika kwamba bega linaanza kumuuma. Nimempa kipande cha mkaa.