Mpira wa Kwenye Magwangala

Nikifungua kopo la mipira mipya ya tenisi, harufu ya raba hunipanda puani na mikono huchoka kabla sijashika raketi. Huu ni msimu wangu wa kwanza wa kucheza kwa kulipwa, na bado sijashinda mechi. Leo, ugenini, harufu hiyo imenirudishia mama.

Alikuwa ameketi kwenye magwangala, yale mawe ya masalia yanayomwagwa na malori ya mgodi, akiyaponda tangu asubuhi kutafuta dhahabu. Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Mimi, mtoto bado, nilikuwa nimeokota humo mpira wa manjano wenye manyoya, nikiupiga kwa kibao kwenye ukuta uliokuwa karibu. Akaniita, akauchukua, akautikisa sikioni.

"Mama, huo ni wa kuchezea tu."

"Kitu kitoke mgodini kikiwa kitupu?"

Akauchana kwa panga. Ukatoa pumzi, na harufu hii hii. Akaingiza kidole, akapapasa taratibu, akachungulia.

"Hamna kitu," akasema. Akanirudishia, akashika tena nyundo.

Nikarudi ukutani, nikaupiga. Haukudunda. Nikauokota, nikaupiga tena.