Gachau, Mtembea Reli wa Godauni

Gachau alitembea reli miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuna behewa lililoanguka kwenye kipande chake. Ukikaa naye, hilo ndilo atakalokueleza kwanza, kabla hajakuuliza jina lako wala umetoka wapi. Mimi nilikuwa nimetoka Ruiru kwa miguu, nikifuata reli kuelekea Thika kama ninavyofanya siku ambazo magoti yanakubali. Aliniuliza kama nimeona taruma lolote limevunjika huko njiani, yaani vile vyuma vipana vinavyolala chini ya reli na kuishika. Nikamwambia sikuangalia. Alinitazama kwa huruma.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila asubuhi alitoka landhini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na nyundo ya mpini mrefu begani, spana kiunoni, bendera moja nyekundu na moja ya kijani zimekunjwa kwapani. Alikuwa na maili nne zake. Alizipita kwa miguu akikanyaga taruma moja hadi jingine, na pale anapoona shaka anagonga. Chuma kilichokaza kina sauti yake, na kilicholegea kina sauti yake. Kilicholegea alikikaza. Akishindwa, jioni anapeleka ripoti kwa mnyapara: maili gani, upande gani, taruma la ngapi. Hakuandika, alikariri tu. Mnyapara ndiye aliyeandika.

Baba yake alikuwa mchuma kahawa huko Ruiru, na huyo baba alisimuliwa na wazee waliomtangulia kwamba hapa kote palikuwa nyasi, wanyama na watu wachache wenye mifugo yao. Halafu reli ikaja. Mahali treni iliposimama pakatokea duka, kisha posta, kisha landhi, kisha kanisa na msikiti, na mwisho viwanda. Mahali ilipopita bila kusimama pakabaki nyasi. Gachau anasema watu wa siku hizi wanadhani Thika ililetwa na barabara kubwa, na yeye hana nguvu ya kubishana nao.

Alikuwa na picha moja aliyopewa na bwana mkaguzi wa reli siku anastaafu, imekatwa kwenye gazeti la zamani sana. Siku hizi anatembea nayo mfukoni mwa koti, imekunjwa mara nne. Ni ya Amerika. Injini mbili zimesimama pua kwa pua, moja imetoka mashariki na nyingine magharibi, na wanaume wengi wamepanda juu yake wakishika chupa. Mkaguzi alimweleza kuwa hiyo ndiyo siku reli ilipokutana katikati, na kwamba upande wa magharibi wa nchi ile palikuwa nyika ya nyati. Baada ya siku hiyo nyati wakaisha, miji ikaota mmoja mmoja kando ya reli, na miji ambayo reli iliikwepa ikafa na watu wakaihama na mbao zao. Nilimuuliza Gachau kama nyika ile haikuwa na wenyewe. Akasema walikuwepo, kama walivyokuwepo hapa, ila hawapo kwenye picha. Nikamuuliza na hao waliotandika mataruma je. Akaisogeza picha karibu na macho, akawatafuta.

"Hao nao hawakuitwa," akasema.

Malori ndiyo yaliyomaliza kazi yake. Mizigo ya viwanda ilihamia barabarani, treni zikapungua, na ile reli ya pembeni iliyoingia kwenye godauni kubwa la nafaka, wenyewe wanaiita saidingi, ikaachwa kabisa. Mvua ikaleta udongo, udongo ukaleta nyasi, na baada ya miaka kadhaa hakuna mgeni angeweza kujua kwamba chini yake kuna chuma. Watu waliokosa nafasi kwenye mtaa wa mabanda wa Kiandutu wakaja kujenga vyumba vya mabati hapo. Mtaa ukaitwa Godauni. Gachau alipostaafu na kutolewa landhini, alikuja hapo na mkewe Waruguru wakajenga chumba kimoja na jiko la nje. Alijua vizuri amejenga juu ya nini. Waruguru alimcheka, akamwambia hata akilala bado anataka kulalia kazi.

Waruguru alifariki mwaka wa nane wa kukaa hapo. Watoto hawakujaliwa.

Basi majirani ndio waliokuwa watu wake. Nyumba zilikuwa kumi na tisa. Iliyopakana naye ilikuwa ya Kulthum, mjane aliyepika chapati na maharagwe ya kuwauzia wafanyakazi wa viwandani saa ya chakula. Kila jioni Kulthum alimletea sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Hakuwahi kugonga mlango. Aliiweka juu ya kigoda cha nje, akaita "Mzee, hiyo," akarudi kwake. Gachau naye alimkazia mabati na kumchongea mipini ya visu. Hawakuwa wakiongea sana. Lakini anasema ilikuwa ikifika saa kumi na mbili, masikio yake yanasimama yenyewe.

Mwaka juzi godauni likapata mwenyewe mpya, na huyo akataka saidingi yake irudi, maana treni za mizigo zilikuwa zimeanza tena kupita. Shida ikawa hakuna aliyejua ilipita wapi. Ramani ya zamani iliionyesha upande wa chini, kando ya mtaro, ambako hakuna anayekaa. Kumbe wakati wa kujenga waliisogeza juu kwa sababu ya maji, na ramani haikubadilishwa. Ikiwa iko mtaroni, nyumba kumi na tisa zinabaki. Ikiwa iko ilipo hasa, chini ya nyumba, zote zinaondoka.

Watu walikutana kwenye meko ya Kulthum wakakubaliana kwamba kila mtu hajui. Idah, fundi wa nguo mwenye ulimi mkali, akasema wao wengine hawana haja ya kuapa, kwa sababu kweli hawajui. Wote wakamgeukia Gachau. Kulthum ndiye aliyesema naye.

"Mzee wangu, ni wewe tu. Wakikuuliza, umezeeka, umesahau."

Gachau akasema hata jina la mama mkwe ameshalisahau, sembuse reli. Wakacheka, wakanywa chai.

Wapimaji walikuja wiki hiyo. Mkubwa wao alikuwa kijana aitwaye Lenny, na mashine yake ya miguu mitatu, na vibarua wawili wenye majembe. Walichimba mashimo kando ya mtaro siku mbili bila kupata hata msumari. Gachau alikaa mlangoni kwake akiwatazama. Siku ya tatu jua lilikuwa kali, na Lenny akaja kuomba maji na kivuli. Hakuuliza habari ya saidingi. Aliuliza mzee alikuwa akifanya kazi gani ujana wake.

Tangu Waruguru alale, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Gachau swali hilo. Akaeleza. Akaeleza maili zake nne, nyundo, bendera, jinsi alivyoweza kujua kwa kugusa reli kwa kiganja kwamba treni imeshatoka Ruiru. Lenny alitia simu mfukoni, akasikiliza kama mtu anayetaka kusikia. Wakaongea karibu saa nzima. Anasema ilikuwa saa nzuri.

Halafu Lenny akainuka, akafungua daftari, akasema kwa upole tu, bila nia mbaya, akimwita guka, yaani babu, kwamba kazi yao hapa imekwisha. Ramani inasema mtaroni, na mtaroni hakuna kitu.

"Naandika iling'olewa, guka. Hao watu wa gengi waliiuza chuma chakavu."

Gachau alijua kwamba hapo ndipo pa kunyamaza. Aliniambia alijua kabisa. Angesema ndiyo, waliiuza, mambo yaishe. Lakini watu wa gengi, yaani kundi la watunza reli, walikuwa yeye, na wenzake aliowabeba kwenda makaburini mmoja mmoja, na hakuna aliyewahi kuuza hata nati. Na ripoti ilikuwa inaandikwa ya uongo mbele ya macho yake. Akaingia ndani, akavuta nyundo chini ya kitanda. Akaenda hadi kwenye reli kuu, akageuka, akarudi akihesabu hatua, zile fupi za mtu anayekanyaga mataruma. Ya ishirini na sita ilimfikisha karibu na jiko lake la nje. Akainua nyundo, akagonga udongo.

"Ipo," akasema. "Futi moja na nusu. Na imekaza."

Lenny akacheka kwa mshangao. "Guka, kumbe mashine ni wewe."

Gachau naye akatabasamu. Hakunificha hilo. Alitabasamu, na vibarua wakaanza kuchimba, na alipoinua macho akamwona Kulthum amesimama na sufuria ya maharagwe mikononi, akitazama shimo.

Jioni hiyo sahani haikuja.

Asubuhi yake nyumba zilipigwa alama nyekundu, na watu wakapewa miezi mitatu. Gachau alimfuata Lenny hadi Thika mjini, akamwambia huenda alikosea, ni uzee. Lenny aliona aibu kumtazama. Alimwambia reli ikishaonekana hawezi kuirudisha chini ya udongo. Mtaani hakuna aliyempiga wala kumtukana. Akipita, mazungumzo yanashuka mpaka apite. Idah peke yake ndiye aliyemtupia neno, alipomkuta kwenye foleni ya choo, akamuuliza, "Mzee wa ripoti, na hiki umesharipoti?" Gachau anasema siku hiyo alikaribia kumshukuru, kwa kuwa angalau alimsemesha.

Kulthum alihama wa pili kutoka mwisho. Mkokoteni ulikuja saa nne asubuhi. Gachau alitoka bila kuitwa, akamshikia upande mmoja wa meza, akabeba sufuria, akafunga kamba kwa fundo la reli lisilolegea. Kulthum hakumkataza. Kila kitu kilipokaa sawa, Gachau akamuuliza anahamia upande gani. Kulthum alifunga leso kichwani, akaifungua, akaifunga tena.

"Nitatuma mtu akwambie," akasema.

Akaweka mkono nyuma ya mkokoteni, akasukuma pamoja na wale vijana, wakaenda.

Sasa Gachau amepanga chumba Kiandutu, ndani kabisa, mahali ambapo, kwa alivyonieleza, hata mimi ningepotea. Mtu aliyetumwa hawezi kumpata huko. Kwa hiyo kila siku asubuhi anakuja Godauni, anakaa palipokuwa na kile kigoda cha nje. Askari wa godauni wamemzoea, hawamfukuzi, ingawa wameshamwambia kokoto zikianza kumwagwa itabidi aondoke. Zile za kwanza zilikuwa zimeshafika siku niliyomkuta, chungu tatu, na yeye alikuwa ameziangalia akaona ni kubwa mno, hazifai kushika taruma. Hakuna aliyemuuliza.

Nilikaa naye hadi saa kumi. Nilimwambia narudi Ruiru, na Ruiru kuna majengo yanajengwa kila kona, na penye mafundi wengi hapakosi mwanamke anayeuza chapati na maharagwe. Naweza kuulizia. Akaniambia nisiulizie, kwa sababu Kulthum alisema atatuma, na mtu akisema hivyo unamwachia.

Nilikuwa nimeshapiga hatua kumi hivi aliponiita.

"Lakini ukikutana naye tu njiani," akasema, "usimwambie nakaa hapa. Mwambie nakula vizuri."

Nikamwambia sawa. Huu ni mwezi wa tano tangu siku hiyo, na kila nikiona moshi wa jiko kando ya mjengo napita karibu nisikie mpishi anaitwa nani. Bado sijamwona.