Funguo Isiyowasha Kitu

Sie tulikuwa na sheria moja tu kwenye lori letu, na haikuandikwa popote: anayeingia chini ya tela ndiye anayekaa na funguo. Dereva ni mie, mume wangu ndiye utingo na fundi. Najua mnacheka. Wameshacheka wengi, kuanzia majirani zetu wa Temeke mpaka kila yadi ya malori tuliyowahi kuingia. "Mke anaendesha, mume anaweka jiwe nyuma ya tairi!" Mume wangu hakukasirika hata siku moja. Alikuwa akiwajibu kwamba yeye ndiye bosi, mie ni suka, dereva wake tu, na ndiyo maana anakaa kiti cha pembeni akila karanga.

Kwa asiyejua malori, nieleze kidogo. Lori la aina yetu ni vitu viwili. Kuna kichwa, chenye injini na kiti changu, na kuna tela, linalobeba mzigo. Chini ya pua ya tela kuna pini ya chuma, nene kama chupa ya soda. Pini hiyo inaingia kwenye sahani kubwa iliyo mgongoni mwa kichwa, na ndani ya sahani kuna kufuli linaloikamata. Ukitaka kuliacha tela, unalishushia miguu yake ya mbele lisimame lenyewe, unachomoa bomba za upepo, unavuta mkono wa kufungulia ulio pembeni, kufuli linaachia, kichwa kinatoka. Siku nyingi ni kazi ya dakika kumi. Siku likigoma, mtu anashawishika kuingia chini, na humo chini ndimo watu wanamofia.

Mume wangu alishaona. Kabla hatujaoana alikuwa utingo wa watu wengine, na mwenzake mmoja alibanwa akiwa humo ndani. Dereva hakuwa mtu mbaya. Alisahau tu kwamba kuna mtu. Mume wangu hanisimulii habari ile mpaka mwisho, hufika mahali akaomba maji. Kwa hiyo tulipoanza kazi pamoja alinipa sheria yake. Kila akitaka kuingia, alinyosha kiganja cha kulia, mie nikaiweka funguo. Binti yetu wa mwisho alikuwa ameitungia shanga nyekundu, zikawa zinalia kwenye kiganja. Akaitia mfuko wa shati, akaupiga mfuko mara mbili, ndipo akainama. Bila funguo gari haliwaki, na gari lisilowaka halimuui mtu. Ilikuwa sheria nzuri, jamani.

Kisha swichi ya funguo ikafa.

Ilikufa tukiwa njiani, na mume wangu akafanya kile ambacho mafundi wetu wanafanya. Akaunga nyaya, akatoboa tundu chini ya dashibodi, akaweka kitufe, kile kile cha kengele ya mlangoni. Ukikibonyeza, injini inaunguruma. Alifurahi huyo! "Sasa hata funguo ukiitupa baharini, tunafika nyumbani," akasema. Na mie nikampigia makofi. Tukasema tutanunua swichi mpya, wiki ikapita, mwezi ukapita. Funguo ikabaki kwenye tundu lake na shanga zake, haiwashi kitu.

Lakini sheria tuliendelea nayo. Akinyosha kiganja, naweka. Anaupiga mfuko mara mbili, anaingia. Kila mmoja wetu alijua kwamba ile funguo haikuwa na kazi tena, na hakuna aliyelisema neno hilo. Mazoea yana tabu. Tulikuwa tunajifunika shuka lililotoboka na kuambiana kwamba baridi imepungua.

Siku yenyewe tulipeleka vigae kwenye yadi moja ya Kibamba, ndani kidogo ya barabara ya Morogoro. Ilikuwa saa tisa alasiri, na upande wa Kibaha mawingu yalishakuwa meusi. Ile yadi sikuipenda toka getini. Ardhi ilikuwa mteremko, udongo mwekundu, na msimamizi wake, kijibaba kifupi chenye miwani kichwani, alituonyesha mahali pabaya kuliko pote: kichwa juu, tela chini.

"Hapa pana mlima, kaka," nikamwambia.

"Kwingine kote kumejaa, sista. Acha tela, toa kichwa, kuna mwenzio anakuja kupaki."

Tukafanya kila kitu kama inavyotakiwa, isipokuwa kimoja. Breki nilivuta. Kabari nne tuliweka nyuma ya matairi ya tela. Miguu tuliishusha, lakini ubao wa kuikalisha ulibaki mmoja, wa pili ulipasuka safari iliyopita. Mguu wa kulia ukakaa kwenye ubao, wa kushoto ukakaa kwenye udongo mtupu. Niliuangalia ule mguu na roho yangu haikutulia, nikajiambia ardhi bado kavu.

Mume wangu akachomoa bomba za upepo na waya wa taa, akavuta mkono wa kufungulia. Kimya. Akavuta kwa mikono miwili. Akauning'inia kwa mwili wake wote, miguu juu, kama mtoto kwenye tawi la mpera. Kufuli halikutikisika.

"Ngoja nirudi nyuma shubiri moja," nikamwambia. "Tela linavuta kwenda chini, pini imelikaba kufuli. Nikirudi kidogo, uzito unatoka, linaachia lenyewe. Wewe simama kando, vuta kwa ile ndoano ndefu. Hakuna haja ya mtu kuingia."

"Ukirudi unausukuma huo mguu wa kushoto kwenye udongo. Ukipinda je? Hiyo ni grisi ya zamani imeganda na mchanga. Wacha nigonge."

"Siyo grisi. Ni uzito."

"Mama, fundi hapa nani?"

Hapo akanitibua. Miaka yote ile kwenye usukani, nimevuka nalo milima ya Kitonga kwenye ukungu, halafu naulizwa fundi nani.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," nikamwambia.

"Idi ilishapita," akajibu, akanyosha kiganja.

Sikuiweka funguo. Niliitupa. Aliidaka, shanga zikalia, akaupiga mfuko mara mbili bila kunitazama, akachukua nyundo, akaingia.

Nikabaki nje, mikono kiunoni, nikisikiliza nyundo. Ko. Ko. Ko. Chuma kwa chuma, na kila pigo lilikuwa kama linaniambia mie sijui kitu. Msimamizi akaja kunung'unika kwamba lori lingine lishafika getini. Ndipo mvua ikaanguka. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Watu wa yadi wakakimbia kwenda kibanda cha mlinzi, na katikati ya maji nikaona mgongo wa kizibao cha rangi ya chungwa, kama cha mume wangu, mabega kama yake, ukikimbia nao. Nyundo ilikuwa imenyamaza.

Nikajisemea, afadhali, katoka. Kashindwa.

Sikuita. Neno moja tu, "Umetoka?", lisingenipunguzia kitu. Lakini nilikuwa na hasira, na mwenye hasira haulizi, anaonyesha. Nikaona ule mguu wa kushoto umeanza kuzungukwa na maji, nikasema nikichelewa utazama, ngoja nilimalize hili kwa njia yangu wakati bwana mkubwa anajikausha.

Nikapanda. Na hapa ndipo ninaporudi kila siku, nikikosha vyombo, nikiswali, nikiwa nimelala. Zamani, swichi ilipokuwa nzima, mkono wangu ungeitafuta funguo. Ungekuta tundu tupu. Na lile tundu tupu lingeniambia, kwa sauti kubwa kuliko mtu: yuko chini. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya sheria yetu. Siku hiyo mkono haukutafuta kitu. Ulikwenda wenyewe chini ya dashibodi, ukabonyeza.

Injini ikawaka. Nikaweka gia ya nyuma, nikashusha breki, nikaiachia klachi taratibu, lori likarudi shubiri moja, halikuzidi.

Tak.

Kufuli likaachia. Ile sauti ni tamu kwa dereva, jamani, na mie ikaniingia moyoni kama sukari. Nikakanyaga breki, nikatoa kichwa dirishani kwenye mvua, nikacheka, nikapiga kelele kuelekea kibandani, "Umeona sasa?"

Mwenye kizibao cha chungwa akageuka. Alikuwa mpakiaji wa yadi, mtu mwenye ndevu, mkononi ana hindi la kuchoma. Akanitazama kama mtu asiyeelewa anaulizwa nini.

"Mama."

Sauti ilitoka chini yangu. Haikuwa ya kupiga kelele. Ingekuwa kelele ningejua la kufanya.

"Mama, usishuke. Usiguse kitu."

"Uko wapi?" nikauliza, na nilijua yuko wapi.

"Mkono umebanwa kwenye sahani. Tairi limefika gotini." Akavuta pumzi. "Nenda mbele. Kidogo tu. Kufuli limeshafunguka, ukizidisha kichwa kinatoka chote, tela linakaa lote juu ya miguu yake ya mbele. Na huo wa kushoto unaujua."

Niliujua. Nikiacha kwenda mbele, mkono wake unasagwa. Nikienda kwa nguvu, mguu unazama na pua ya tela inamshukia kichwani. Nikilegea kwenye mlima ule, kichwa kinarudi nyuma na tairi linampanda. Msimamizi alishatambua, akapiga magoti kwenye tope pembeni, miwani imeanguka, mkono wake juu anioneshe pa kusimama. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyu, nikaisahau katikati, mie niliyeijua tangu madrasa. Nikaanza kuiachia klachi kidogo kidogo kwa mguu wa kushoto. Nikaushika paja kwa mkono, nikaubana utulie.

Lori likasogea. Sijui ni kiasi gani, labda upana wa viganja viwili. Mkono wa msimamizi ukashuka. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili na sikuiachia hata nilipoambiwa niachie.

Alitoka mwenyewe. Alitoka amejikunja, mkono wa kulia ameuzungushia kizibao, uso umekuwa wa rangi ya majivu, na mfukoni mwake shanga zinalia kila akipiga hatua. Alikuwa bado hajafika kibandani mguu wa kushoto wa tela ulipozama. Tela likainama upande, likalia, likatulia. Watu wote wa yadi waliligeukia, kisha wakanitazama mie, na hakuna aliyecheka kuhusu mke na mume.

Hospitali walimkata vidole viwili, cha kati na cha pete. Alipokuja kuniambia daktari, mie nilikuwa kwenye benchi na nguo zimenikaukia mwilini, nikisubiri kutukanwa. Nilitaka anitukane. Nilitaka mama yake anitukane, dada zake, mtaa mzima. Nikaingia, nikamkuta amelazwa.

"Lakini liliachia," akasema. "Ulikuwa uzito kweli."

Hapo ndipo nililia. Nilikuwa na haki, si ndiyo? Kila neno nililomwambia pale yadi lilikuwa la haki, grisi haikuwamo, na haki yangu nikaithibitisha juu ya mkono wake. Usiniambie mtu akiwa sahihi anapata raha. Mie nilikuwa sahihi na nilitamani niwe mjinga mpaka nakufa.

Tukabishana hata kwa hilo. Yeye akasema kitufe alikiweka yeye. Mie nikasema nilikibonyeza mie. Hatujamaliza ubishi huo mpaka leo, unaibuka hata tukiwa tunakula. Lakini kabla bandeji hazijamtoka alimwita fundi umeme nyumbani, akang'oa kile kitufe mbele yangu, akaweka swichi mpya. Tundu likazibwa kwa kipande cha bati.

Mara ya kwanza aliporudi kazini tulikuwa tunaacha tela tupu, mahali tambarare, mchana kweupe, ubao chini ya kila mguu. Kufuli liliachia bila ubishi. Lakini alitaka kuingia kulipaka grisi mpya, na mie sikumkataza, maana ningemkataza angejua kwamba sijiamini. Nikazima injini, nikachomoa funguo, nikashuka. Akanyosha kiganja cha kulia, kama zamani, bila kufikiri. Nikaiweka funguo, kama zamani, bila kufikiri. Ikapita kwenye lile pengo la katikati, ikaanguka chini.

Sote wawili tukaitazama kwenye mchanga. Yeye hakuinama, na hakukirudisha kiganja. Nikaiokota, nikaipangusa shanga moja moja, nikaitia mwenyewe kwenye mfuko wa shati lake, nikafunga kifungo. Kisha nikaupiga ule mfuko mara mbili. Akaingia, na mie nikaenda kusimama mbali na mlango wa gari, mikono nyuma, nikimwita kila dakika anijibu, mpaka alipotoka.