Ndama Aliyenyonya Mbuzi

Shule mimi nilifika darasa la pili tu. Lakini ng'ombe wangu wa kwanza nilimpata kwa akili yangu mwenyewe, na nitalisema hili mpaka wajukuu waniombe ninyamaze.

Nilikuwa mke mgeni huku Ushirombo, nimeolewa kutoka upande wa Shinyanga, na bado hatujahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Zizi la baba mkwe lilijaa. Sisi wanawake mali yetu ilikuwa kuku na mbuzi. Ng'ombe alikuwa wa mwanamume, basi.

Kiangazi kikawa kikali. Ng'ombe mmoja akafa siku ya tatu baada ya kuzaa, akaacha ndama jike, mbavu unazihesabu ukiwa mbali. Wanaume wakasema achinjwe. Nikapiga magoti, uso nimeugeuza pembeni kama mkwe anavyotakiwa.

"Baba, nipe mimi."

"Wewe? Utamnyonyesha mwenyewe?"

Zizi zima likacheka. Na mimi nikacheka, ila sikuinuka.

"Haya, mkwe wangu. Akiiona mvua ya kwanza yu hai, ni wako. Akifa, usije kunililia."

Nilikuwa na mbuzi mwenye maziwa, kitoto chake kililiwa na fisi. Sasa mbuzi mfupi, ndama mrefu. Nikawapeleka bondeni kwenye bustani yangu, mbuzi nikamsimamisha juu ya tuta la viazi, ndama akabaki mtaroni, akapiga magoti, akanyonya. Siku ya kwanza mbuzi alinipiga pembe ya paja, kovu ninalo mpaka leo. Siku ya nne alikuwa anapanda tuta mwenyewe.

Ila mbuzi asiyekula hatoi maziwa, na nyasi zilikuwa zimekwisha. Kijani pekee kilikuwa marando yangu, yale majani ya viazi niliyoyamwagilia kwa kibuyu asubuhi na jioni ili mvua ikija tupate mbegu. Marando yakiisha, hakuna viazi, na hakuna michembe, vile vipande vya viazi tunavyokausha. Nikakata kidogo. Kesho yake tena kidogo. Kidogo changu kilikuwa kikubwa.

Mama mkwe, niliyemwita mayu, akanikuta na mzigo kichwani.

"Unamlisha mbuzi chakula cha watoto wako?"

"Mayu, sina watoto bado."

"Basi unamlisha cha wanangu mimi!"

Akaninyang'anya mundu, akaondoka nao. Nikajua nimekwisha. Asubuhi nikamkuta bondeni ameinama, anakata.

"Chukua ncha, acha shina lichipue. Nani alikufundisha kukata, nzige?" Kisha, bila kuniangalia: "Miaka yote niliyokaa humu sijapata hata mkia wa ng'ombe. Huyu asife."

Hakufa. Mvua ya kwanza ilimkuta ana tumbo kama ngoma.

Baba mkwe akamtazama, akamtamani. "Nilitania tu. Ng'ombe hulala zizini." Akamswaga ndani, mbele ya wageni waliokuja kunywa pombe. Mkwe habishani na baba mkwe.

Mayu akamfungua mbuzi, akampitisha mlangoni pa zizi. Mbuzi akalia mara moja. Ndama akachomoka katikati ya miguu ya wanaume, akamwangusha mmoja na kibuyu chake, mbio mpaka bondeni. Tulipofika, mbuzi yuko juu ya tuta, ndama kapiga magoti mtaroni, mkia unacheza.

Mgeni mmoja akashika kiuno kwa kicheko. "Mzee, huyo si ng'ombe! Huyo ni mbuzi!"

Nikapiga magoti kwenye tope. "Baba, umesikia. Na mbuzi ni wa wanawake."

Baba mkwe akacheka mpaka kofia ikadondoka, akaagiza kisu cha kukatia alama. Ng'ombe wake wote walikatwa sikio la kulia.

"Huyu nimkate lipi?"

"La kushoto, baba."

Kichwa cha ndama nilikishika mwenyewe. Mayu akapiga vigelegele, ng'ombe zizini wakashtuka wote.