Bi Shemsa na Mashine Mbili za Msasa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Shemsa ni nyusi zake. Zilikuwa zimejaa unga wa mbao hata zikawa nyeupe, ilhali nywele zilizochungulia chini ya kilemba chake cha kanga zilikuwa bado nyeusi. Siku hiyo nilikuwa nimehamia katika chumba cha ghorofa ya kati, katika nyumba ya mtaa wa Kiponda anayoishi yeye ghorofa ya juu, nikapanda kumwamkia kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyebamiza mlango asubuhi?"

"Si mimi, Bi. Mimi nimehamia sasa hivi."

"Basi utaubamiza kesho. Nyote mnaubamiza."

Akarudi kwenye ubao wake, na mimi nikateremka.

Muda wote wa kazi yake Bi Shemsa alikuwa opareta wa simu. Watu wasio na idadi waliisikia sauti yake ikiwaomba wasubiri kidogo, tafadhali, laini ina mtu. Kisha akastaafu, na upole wake ukastaafu pamoja naye. Useremala aliuanza baada ya hapo. Mbuzi yake ya kukunia nazi ilivunjika mguu, fundi akamchelewesha, naye kwa hasira akautengeneza mwenyewe. Mguu ule ulikaa upande, lakini alikwisha kunogewa. Akatengeneza kibago cha kukalia, kisha rafu ya vyombo, kisha meza ndogo ya kuwekea dawa zake. Sitampamba: kibago kinayumba, na rafu imeinama kiasi cha vikombe kukusanyika pembeni. Lakini kila kitu alikifanya kwa mkono wake, na anayekicheka hupewa chai bila sukari.

Nilipomkuta alikuwa na kazi kubwa kuliko zote. Binti yake wa pekee, Khairat, ameposwa na watu wa Matemwe, na Bi Shemsa aliamua ampeleke kwa mumewe na sanduku aliloachiwa yeye na marehemu mama yake. Ni sanduku kubwa la mbao za mkafuri, lililokaa stoo ya jikoni miaka mingi mpaka likawa jeusi kwa moshi na mafuta. Wanaume wanne ndio waliolipandisha juu, nao waliapa hawalishushi mpaka siku ya harusi. Lilihitaji kupigwa msasa lote, nje na ndani, na kwa mkono pekee Khairat angezaa kabla halijamalizika.

Ndipo alipokwenda Darajani, dukani kwa Kazim, muuza vifaa vya ujenzi ambaye baba yake na babu yake waliuza vifaa katika duka hilohilo. Nilifuatana naye kwa sababu aliniamrisha. Kazim aliweka mashine mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa nyepesi, ya plastiki inayong'aa, na kifuko cha kitambaa nyuma. Ya pili ilikuwa nzito na imetulia mkononi, na ilikuja na mpira mrefu wa kuunganisha kwenye ndoo yake ya kufyonza vumbi. Bi Shemsa aliinyanyua hiyo ya pili, akaambiwa bei, akaiweka chini taratibu, kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga asiye wake.

"Mimi si fundi, Kazim. Najifurahisha tu. Mtu wa kujifurahisha hanunui mashine kwa bei ya bangili za dhahabu."

"Bi Shemsa, hii rahisi ni nzuri kwa mtu mwenye kiwanja. Afanye kazi nje, upepo uchukue vumbi. Wewe unakaa ghorofani, chini yako kuna watu."

"Nani amekwambia nakaa wapi?"

"Mji mzima unajua unakaa wapi."

"Basi mji mzima unajua pia kuwa wewe mwizi. Nifungie hii rahisi."

Kwa haki, hesabu yake haikuwa ya kijinga. Fundi anayepiga msasa kutwa nzima atahitaji mashine isiyomtetemesha mifupa na isiyoungua mota. Bi Shemsa alikuwa na sanduku moja, na kazi yake ni ya saa moja baada ya alasiri. Mashine rahisi ilikwangua mbao vizuri. Ilimtetemesha mkono mpaka akashindwa kushika kikombe, lakini mkono ni wake. Kosa kubwa la mashine lilikuwa kile kifuko, ambacho kilikusanya vumbi kidogo na kulipuliza lililobaki.

Bi Shemsa hufanya kazi kwenye varanda ya juu, ile inayozunguka uwazi wa katikati ya nyumba. Chini ya uwazi huo ni uwani kwa Bi Mwanakheir, mjane aliyefiwa na mumewe, Amour, muda mfupi kabla sijahamia. Alikuwa amekaa eda, hatoki nje, na nguo zake nyeupe zilianikwa hapohapo uwani. Siku ya kwanza ya mashine sauti yake ilipanda juu kama jiwe.

"We wa juu!"

"Naam! Nani anabweka huko?"

"Vumbi lako limeingia kwenye maji yangu ya udhu!"

"Funika ndoo!"

"Na nguo zangu nizifunike na nini?"

"Zianike ndani!"

"Wewe mwanamke huna haya. Mtu yuko edani, hana pa kukimbilia, unammwagia taka kichwani!"

"Eda hukaliwa kwa utulivu, Mwanakheir. Unapiga kelele kuliko mashine!"

Ikawa hivyo kila alasiri. Hawakuwa wakionana. Mmoja hakuweza kutoka, mwingine hakutaka kuteremka, na sisi wa katikati tulipitiwa na matusi yanayopanda na vumbi linaloshuka. Bi Mwanakheir alitishia kwenda kwa sheha wa mtaa. Bi Shemsa alimjibu kuwa sheha ana kifua kibovu, vumbi litammaliza mlangoni.

Ijumaa moja mambo yalibadilika. Mashine ilikuwa inaunguruma, mara nikasikia Bi Mwanakheir akiita jina tupu, bila tusi.

"Shemsa. Nini hicho unachokikwangua?"

Mashine ikazimwa. "Sanduku la mama yangu. Unalitaka?"

"La mti gani?"

"Mkafuri."

 Bi Mwanakheir akasema, kwa sauti ya chini ambayo ilibidi nisogee dirishani kuisikia:

"Nilijua. Amour alioshwa hapa hapa, chini ya varanda yako. Kafuri waliyomtilia ilibaki sakafuni, nikasugua kwa sabuni siku baada ya siku mpaka harufu ikatoka. Sasa kila alasiri unaniletea maiti yangu upya. Iko kwenye mto wangu. Iko kwenye wali."

 Kwa Bi Shemsa harufu ile ilikuwa ya nguo za mama yake na ya sikukuu. Hata mimi, niliyepita na kuinusa kila siku na kuiona nzuri, sikuwa nimeifikiria sakafu ya chini.

"Ungesema tangu mwanzo," alisema Bi Shemsa.

"Nikuombe wewe?"

"Ungeniambia tu."

"Kukwambia wewe ni kukuomba."

Siku zilizofuata hakuiwasha mashine. Tulimsaidia kulisukuma sanduku chumbani, akachukua kipande cha msasa akasugua kwa mkono, polepole, amefunga dirisha na kuziba mlango kwa mkeka, na harusi ikasogea na sanduku likabaki jeusi zaidi ya nusu. Khairat alimsihi walipeleke kwa seremala wa Kikwajuni.

"Halafu watu wa Matemwe wakuulize nani kalitengeneza," mama yake alisema, "uwajibu fundi? Fundi gani? Fundi alikuzaa?"

Hapo nilifahamu alichokuwa akikipigania. Hakuwa na ukoo mkubwa wa kumsindikiza binti yake, wala dhahabu ya kuwanyamazisha wakwe. Alikuwa na sanduku hilo na mikono yake, basi.

Jumatatu, Bi Mwanakheir aliniita mlangoni kwake. Kulikuwa na boksi mbili, alizoletewa na mpwa wake kutoka dukani kwa Kazim. Ilikuwa ile mashine nzito na ndoo yake.

"Mpelekee yule mchawi wa juu. Na umwambie si zawadi. Zawadi hupewa mtu unayempenda."

Nilizipandisha kwa awamu mbili. Bi Shemsa alizitazama kama vile nimemletea nyoka wawili, akaenda kuinama kwenye ukingo wa varanda.

"Mwanakheir! Unadhani utaninunua?"

"Sikukununua wewe! Nimeinunulia pua yangu mapumziko!"

"Chukua vyako!"

"Virudishe, na nikitoka edani nakwenda kwa sheha, utapiga msasa kaburini kwako!"

Bi Shemsa alikaa mbele ya boksi zile kutwa. Ukiitumia mashine ya adui, kila mtu ndani ya nyumba atajua, na Kiponda nzima kabla ya magharibi. Usipoitumia, utampeleka mwanao na sanduku lenye nusu nyeusi. Alasiri alinyanyuka bila kusema neno, akaunganisha mpira kwenye ndoo, akachagua kifuniko cha sanduku ambacho upande mmoja alikwisha kuupiga msasa kwa mashine ya kwanza, akaanza upande wa pili.

Sauti ilikuwa ndogo, kama feni. Vumbi halikuruka. Alipomaliza alilowanisha kitambaa, akafuta kifuniko chote kwa mpigo mmoja, na mbao zikarudisha rangi yao. Upande wa mashine mpya ulikuwa wa dhahabu na safi. Upande wa ile ya zamani ulijaa mikwaruzo midogo ya mviringo, mmoja juu ya mwingine, ambayo hatukuiona mbao zilipokuwa kavu. Aliinama akaigusa kwa kidole. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa mbele za watu.

"Kazim atachekelea," alisema. "Mshenzi mkubwa yule."

Kutoka chini: "Shemsa! Hujawasha?"

"Nimewasha na nimeshamaliza!"

"Sikusikia kitu."

"Ndiyo pesa yako hiyo!"

Tangu siku hiyo anafanya kazi kila alasiri. Nusu ile ya kifuniko ameirudia upya, na ubavu wa mwisho anaumaliza wiki hii. Usidhani wamepatana. Jana Bi Shemsa alimtangazia kuwa siku atakayotoka edani atamteremshia mashine yake mpaka mlangoni, mbele ya watu, asije akasema alimfadhili.

"Utakuta mlango umefungwa," Bi Mwanakheir alimjibu. "Mimi sitakuwapo. Siku hiyo nakuja mimi huko juu, kabla sijakwenda hata kaburini kwa mume wangu. Nataka kuliona sanduku lililoninyima pumzi. Na ukiwa umeliharibu baada ya kutumia mashine ile, wallahi ntakwambia mbele ya mwanao."

"Njoo! Nani amekuogopa?"

Siku hiyo ni Alhamisi ijayo, na harusi ni Jumapili yake. Leo asubuhi nimemkuta Bi Shemsa akifagia ngazi, kazi ambayo sijapata kumwona akiifanya. Amenitazama kwa ukali na kusema anawafagilia wakwe. Nilipofika chini, Bi Mwanakheir alikuwa amesimama nyuma ya mlango wake ulio wazi kidogo. Katika miaka yote ya kukaa nyumba hii hajawahi kupanda huko.

"We mwana, ngazi za juu zina mahali pa kushika?"

"Hazina, Bi. Na ni za wima sana."

Ameshusha pumzi, akayatazama magoti yake.

"Ntapanda hivyo hivyo," amesema.