Kiriba Kinachooza

Bwana shamba alituletea miche kumi na miwili ya kahawa, akasema tuipande na viriba vyake, vile vifuko vilivyooteshewa, tusivichane.

"Babu, hii si nailoni ile ya zamani. Imetoka kwenye mafuta ya petroli, ndiyo, lakini wadudu wa udongoni wanaila."

Nikakivuta kimoja. Kilivutika kama ngozi mbichi ya mbuzi, hakikukatika. Kitu kama hicho kinaoza? Mimi shule niliishia darasa la pili, mwalimu alikuwa mkali mno, lakini nailoni naijua. Nikilima kibanja hiki bado nafukua mifuko ya chumvi ya enzi za mama yangu. Naye amezikwa humuhumu, kwenye migomba. Sikutaka kumwongezea takataka.

Nikapanda, ila sikutulia. Mwezi ulipoisha nikafukua mche mmoja nitazame. Kiriba kizima! Mwezi uliofuata nikafukua uleule. Mvua zilipokatika nikaufukua tena, na mke wangu akanikuta nimepiga magoti.

"Mzee, hapo unapanda au unavuna?"

"Natazama kama kimeoza."

"Hata wewe nikikufukua kila mwezi hutaoza!"

Safari hiyo kiriba kilikuwa kimelegea, kina matundu, mizizi imepenya. Kumbe bwana shamba hakunidanganya. Lakini mizizi hiyo niliikata mwenyewe kwa jembe, na mche ukakauka.

Ile mingine kumi na mmoja inastawi. Viriba vyake vimefikia wapi, sijui. Nikiinama tu karibu nayo, mke wangu anakohoa.