Mama Aliyeitwa Marudio

Juzi, katika ofisi moja ya misaada ya kanda mjini Garissa, nilimsikia mama mmoja aliyetoka mbali, kijiji cha Hadado, akiambiwa yeye ni marudio. Alikuja kuuliza kwa nini jina lake limetoka kwenye orodha ya msaada wa nyasi za mifugo wakati huu wa ukame, na mbuzi wake wanakufa.

Karani akamgeuzia kompyuta. "Hooyo, mama yangu, skripti yetu, hii programu ya kompyuta, ilisoma safu ya majina. Lako lilikuwa mara mbili, ikafuta moja."

"Yule ingine ni mama mwingine, anaitwa Dheere, mrefu. Mimi naitwa Gaab, mfupi. Kila mtoto kwetu anajua."

"Majina ya utani si rasmi."

"Na namba ya kitambulisho?" nikauliza.

"Hiyo iko safu nyingine, mwalimu."

Safu nyingine! Ilikuwa ya pili kutoka hapo. Nilimwonyesha kwa kidole. Nimewahi kuwa na wasichana wanne darasani wenye jina lilelile, la baba lilelile, la babu lilelile. Sikumfuta hata mmoja. Aliyeandika skripti ile ningemrudisha darasa la kwanza, akaanze na kuhesabu watu.

"Subiri orodha mpya," karani akasema.

Mama akajifunga ushungi. "Sawa. Twende Hadado, uambie mbuzi yangu wasubiri."